CHOA KINACHORUDIA: POMADI GANI, NA KWA SIKU NGAPI?



Leo tunaongea juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanaona haya kuutaja. Ni choa, ile alama ya duara inayotokea ngozini. Inawasha, ukingo wake umeinuka na una magamba, lakini katikati ngozi inaonekana kama imeanza kupona. Hapa Goma wengi wanaiita tu "shampinyo". Ugonjwa huu hauui mtu, lakini unamnyima usingizi. Unamfanya kijana aogope kuvua shati mbele ya wenzake, na msichana avae mikono mirefu hata wakati wa jua kali. Tena unakula feza ya familia kidogo kidogo, tyubu kwa tyubu.

Ukikaa na watu wa Mabanga, utasikia maneno yale yale. "Nilipakaa siku tatu, ikaisha. Nikaacha, ikarudia na nguvu kuliko kwanza." Mwingine anasema: "Nimeshanunua pomadi za kila rangi pale soko ya Virunga, lakini hii kitu inarudiaka tu." Halafu jirani anaongeza kwamba labda ni kulogwa.

Hapana, ndugu yangu, si kulogwa. Mara nyingi choa kinarudi kwa sababu mbili: dawa nzuri iliyoachwa mapema, au dawa mbaya iliyopakwa kwa muda mrefu. Tuzitazame zote mbili.

KUVU WANAKULA NINI?

Choa kinaletwa na kuvu, viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wanakula ile tabaka ngumu ya juu ya ngozi, pamoja na nywele na kucha. Wanapenda mahali penye joto, jasho na giza: kwenye mapaja, kwapani, chini ya matiti, katikati ya vidole vya miguu.

Sasa fikiri maisha yetu. Kijana anayechimba koltani kule Rubaya anashinda ndani ya buti zenye maji. Jioni analala na wenzake wengi, na taulo moja inapita kwa watu watatu. Mchungaji wa ng'ombe wa Masisi anaweza kuambukizwa na ndama mwenye mabaka, kwa sababu choa kinatoka pia kwa wanyama. Na hapa mjini, Mabanga ni mawe kwa jina na kwa kweli. Maji ya bomba hayatoki kila siku, mama anahesabu bidoni, na wakati wa mvua nguo zinavaliwa zikiwa bado mbichi. Basi usimcheke mwenye choa ukimwita mchafu. Yeye anaishi mahali ambapo kuvu wanapata kila kitu wanachopenda.

POMADI NZURI NA NAMNA YA KUIPAKAA

Ukienda farmasi, usiulize "pomadi ya shampinyo" halafu ukapokea chochote unachopewa. Soma maandishi madogo ya tyubu, au umpe mtoto anayesoma akusomee. Tafuta moja ya majina haya: clotrimazole 1%, miconazole 2%, au terbinafine 1%. Hizi zinaua kuvu wenyewe. Iko pia pomadi ya zamani ya Whitfield, iliyotengenezwa kwa asidi benzoiki na asidi salisiliki. Imetumika zaidi ya miaka mia moja, na bado inasaidia mwilini na miguuni. Lakini usiipake usoni wala sehemu za siri, maana inaunguza.

Sasa fuata hatua hizi:

1. Osha mahali pale kwa maji na sabuni ya kawaida. Beseni dogo linatosha. Kausha vizuri kabisa, kwa sababu dawa juu ya ngozi yenye maji haikai.

2. Pakaa tabaka nyembamba, kuanzia nje kuelekea ndani. Usiishie kwenye ukingo wa duara. Vuka ukingo kwa kipimo cha kidole kimoja hivi, karibu sentimita 2. Kuvu wanatembea kuelekea nje, na wale wa mbele wamekwisha kufika mahali ambapo macho bado hayaoni kitu.

3. Clotrimazole na miconazole zinapakwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa juma 2 hadi 4. Terbinafine ina nguvu zaidi: kwa mwili, mara moja au mbili kwa siku kwa juma 1 hadi 2 mara nyingi inatosha.

4. Alama ikiisha, usiache. Ukiwa na clotrimazole au miconazole, endelea juma 1 au 2 tena.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Kwa nini kuendelea wakati ngozi imekwisha kuwa safi? Ni hivi: ngozi ya juu inajibadilisha yote kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kuwashwa kunatulia baada ya siku chache, lakini mabaki ya kuvu bado yamo katika ngozi ile ya zamani. Ukiacha siku ya tatu au ya tano, umewapiga fimbo tu, hukuwafukuza nyumbani.

Piga pia hesabu ya feza kabla ya kuanza. Pomadi inayotoka kwenye tyubu na kufunika ncha ya kidole, toka kiungo cha mwisho mpaka mwisho wa kidole, ni karibu nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili. Mara mbili kwa siku ni gramu 1. Basi tyubu ya gramu 15 itakufikisha siku 15. Kama una mabaka mengi, tyubu moja haitoshi. Ni heri kungoja siku chache ukapata feza ya tyubu mbili kuliko kuanza na moja na kuishia nusu ya njia.

POMADI INAYODANGANYA

Sasa tufike kwenye hatari kubwa. Sokoni na hata kwenye farmasi nyingine, unauziwa tyubu yenye picha nzuri, na mwuzaji anakuambia: "Hii inamalizaka yote." Ukisoma maandishi madogo unakuta clobetasol au betamethasone. Hizi ni za jamii ya kortizoni. Haziui kuvu hata mmoja. Kazi yake ni kutuliza uvimbe na kuwasha, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Siku mbili tu, kuwasha kumetulia, wekundu umepotea, na wewe unamsifu mwuzaji. Lakini kortizoni imelaza askari wa mwili, na kuvu wanakula bila mtu wa kuwazuia. Ukiacha, duara linarudi kubwa zaidi. Ukipakaa tena, linatulia tena. Hivyo miezi inapita.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza choa kilichobadilika sura kwa sababu ya kortizoni hata hakitambulikani tena. Wakakipa jina lenye maana ya choa kilichojificha. Huko India, pomadi za kuchanganya kortizoni na dawa ya kuvu ziliuzwa kwa wingi bila karatasi ya daktari. Wataalamu wengi wanafikiri zilisaidia kueneza aina ya kuvu ambayo mara nyingi haisikii tena terbinafine. Kuvu hao wamekwisha kusafiri: mwaka 2023 Marekani ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza, huko New York.

Vijana wasichana, na hata ninyi wavulana, sikilizeni hapa. Clobetasol hiyo hiyo inatiwa ndani ya mafuta mengi ya kujichubua, pamoja na hydroquinone na wakati mwingine zebaki. Mtu anapaka mkorogo kwa ajili ya weupe, anapata choa mwili mzima, na hajui kwamba kopo lile lile ndilo linalokilisha. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachanika mistari, inatoa chunusi, na kidonda kidogo kinakawia kupona. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuyakamata mafuta haya madukani mwishoni mwa 2018. Sisi hapa tusingoje mtu wa kuja kutunyang'anya kopo.

Ikiwa umekwisha kupaka kortizoni kwa miezi mingi, usiitupe tu kwa siku moja. Ngozi inaweza kuwaka sana. Nenda kwa munganga akuonyeshe namna ya kuipunguza. Tena usimpake mtoto mdogo pomadi hiyo bila amri ya munganga: inapita ngozini mpaka ndani ya damu na inaweza kuzuia kukua kwake.

Kuna na dawa za kienyeji za hasira: asidi ya betri, petroli, Javel, kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku mzima. Hizi zinaunguza ngozi, na kidonda kinakuwa juu ya choa.

WAKATI POMADI HAITOSHI

Choa cha kichwani kwa watoto, kile chenye kung'oa nywele, hakiponi kwa pomadi, kwa sababu kuvu wako ndani ya shina la unywele. Kinataka vidonge, kama griseofulvin, vinavyomezwa pamoja na chakula kwa juma 6 hadi 8. Kucha zilizooza nazo ni hivyo: pomadi ya kawaida haifiki ndani.

Ikiwa umepakaa dawa ya kweli kwa juma 4 bila kuruka siku na hakuna mabadiliko, nenda kituo cha afya au hospitali kubwa. Omba wakwangue ngozi kidogo na kuitazama kwa mikroskopu. Ni kipimo chepesi. Choa kilichoenea mwili mzima kinaweza pia kuwa alama ya sukari au virusi vya Ukimwi, magonjwa yenye dawa ikiwa yanajulikana mapema.

SI KILA ALAMA NI CHOA

Bonyeza alama yako kwa ncha ya unyasi. Kama husikii kitu, inaweza kuwa ukoma. Usijifiche! Dawa zake zinatolewa bure, na baada ya miezi 6 au 12 mtu anapona.

Kama una homa, tezi zimevimba, na ngozi inatoa malengelenge yenye usaha, fikiri juu ya mpox. Aina yake mpya ilionekana kwanza kwenye machimbo ya Kamituga, mwaka 2023, na mwaka 2024 ikafika mpaka Goma. Huyo asipake pomadi ya sokoni. Aende kwa munganga mara moja.

Na yale madoa meupe-meupe ya mgongoni na kifuani ni kuvu wa aina nyingine. Dawa inawaua, lakini rangi ya ngozi inachukua miezi kurudi. Usiseme dawa imeshindwa.

FANYENI PAMOJA NYUMBANI

Ninyi wazazi, mkimtibu mtoto mmoja, tazameni ngozi za wote siku hiyo hiyo. Kila mtu na taulo yake, sanduku la vinyozi lisafishwe, shuka na nguo za ndani zianikwe juani au zipigwe pasi ya makaa. Buti zifunguliwe na zikaushwe usiku. Nguo za kwaya zisipitishwe kutoka mwili mmoja hadi mwingine bila kufuliwa.

Halafu chukua kalenda ya ukutani. Weka alama siku ya kwanza ya dawa, hesabu siku 28, na kila jioni ukipaka, piga msitari. Kuwasha kukitulia siku ya tano, tazama kalenda, si ngozi. Bado zimebaki 23.