Ceres: Nyota Iliyohama Mahali Pake

Januari 1, 1801, padre Giuseppe Piazzi wa Shirika la Watheatini alikuwa kwenye darubini yake mjini Palermo, Sicilia. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha: kuorodhesha nyota, na kila nyota kuipima kwa zaidi ya usiku mmoja. Usiku uliofuata, nyota moja hafifu haikuwepo pale alipoiandika jana yake. Ilikuwa imesogea.

Kwa muda mrefu wanaastronomia walishangazwa na nafasi kubwa iliyopo kati ya Mirihi na Mshtarii, na baadhi yao walikuwa wakitafuta sayari humo. Piazzi hakukimbilia kutamka hivyo. Alitangaza kwamba ameona kometi, ingawa alimdokezea rafiki yake kuwa huenda ni kitu bora zaidi. Februari akaugua, na kitu chenyewe kikapotelea katika mng'ao wa Jua. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, ndiye aliyekokotoa njia yake kutokana na vipimo hivyo vichache, na mwisho wa mwaka kikaonekana tena karibu na pale alipoelekeza.

Sisi wanafalsafa hapa inafaa tukae kimya kidogo. Mwaka huohuo, huko Jena, Hegel aliandika tasnifu juu ya mizunguko ya sayari. Mwishoni alitaja mfuatano wa namba kutoka kwa Plato ambao, ukifuatwa, hauachi haja ya kutafuta sayari katika nafasi ile. Ceres ilikuwa imeshaonekana miezi kadhaa kabla. Tusimwonee: hakudai kuwa amethibitisha, kama anavyosingiziwa. Lakini mimi, ninayependa hoja iliyonyooka, kisa hiki kinanisumbua kila ninapoandika insha.

Ceres hulizunguka Jua kwa miaka 4.6 hivi, ikiwa umbali wa wastani wa kilomita milioni 414. Hujizungusha yenyewe kwa saa 9 tu. Kipenyo chake ni kilomita 940 hivi, kama robo ya kipenyo cha Mwezi wetu. Hata hivyo hakuna kikubwa kuliko hicho katika ukanda mzima wa asteroidi. Iliitwa sayari, baadaye asteroidi, na tangu 2006 ni sayari kibete. Mtu wa kilo 60 akisimama juu yake, mizani ingesoma chini ya kilo 2.

Uso wake ni mweusi karibu kama lami. Ndiyo maana chombo cha Dawn cha Marekani kilipofika mwaka 2015, watu walishangazwa na madoa meupe yanayong'aa ndani ya kreta ya Occator, yenye upana wa kilomita 92. Uchunguzi ulionyesha ni kaboneti ya sodiamu, yaani kemikali iliyomo katika magadi yetu, yale ya Ziwa Natron na ya kulainishia maharage jikoni. Maji ya chumvi yalipanda kutoka chini, yakatoweka katika ombwe, chumvi ikabaki. Uzito nao unakubaliana na hilo: lita moja ya Ceres ni wastani wa kilo 2.2, pungufu ya mwamba mtupu, kwa kuwa ndani yake mna barafu nyingi.

Dawn iliishiwa mafuta mwaka 2018. Iliachwa hukohuko, ikiizunguka Ceres bila kutuma neno.