Yungiyungi, Ua Linalozamisha Wageni

Ukifuata njia ya msituni hadi ukingoni mwa bwawa, macho hukimbilia kwanza kereng'ende na mdiria anayejitupa majini kichwa chini. Yungiyungi limejikalia tu juu ya maji, na watu huliona pambo. Hata mimi, mpaka siku nilipoinama juu ya ua moja la buluu lililokuwa karibu nikakuta inzi mdogo amekufa katikati yake, anaelea kwenye majimaji.

Haikuwa mvua wala umande. Majimaji hayo hutolewa na ua lenyewe. Siku ya kwanza ya kuchanua, yungiyungi huwa jike: stigma yake ina umbo la kisahani, nacho hujaa majimaji. Stameni hukizunguka zikiwa wima na laini, kama ua wa makuti. Ua ndani ya ua. Mdudu anayetoka kwingine na chavua mwilini huja kutafuta chakula, akakanyaga stameni, akateleza, akatumbukia. Majimaji humwosha, chavua ikashuka kwenye stigma, na shughuli ya ua ikawa imekwisha. Kuna wadudu wanaojikwamua na kuna wanaofia humo. Na siku hiyo ua halina hata chembe ya chavua ya kumkaribishia mgeni!

Alasiri hujifunga. Kesho yake hufunguka likiwa dume. Majimaji hayapo tena, stameni zimeinama zikafunika kisahani, na chavua iko tele. Nyuki aliyenusurika jana sasa anakula kwa raha zake. Baada ya siku tatu au nne ua hufunga moja kwa moja, kikonyo hujikunja na kulivuta chini, na tunda hukomaa huko huko majini. Mbegu hutoka zikiwa zimevikwa utando wenye hewa. Huelea kwa muda, kisha huzama topeni popote zilipofikishwa.

Kwangu mimi, jani linashangaza zaidi. Vitundu vyake vya kupumulia viko upande wa juu, kwa sababu wa chini umelala majini. Kikonyo cha jani ukikikata utaona mirija ndani yake. Jua likipasha joto majani machanga, hewa husukumwa kupitia mirija hiyo hadi kwenye kiazi kilichofukiwa katika tope lisilo na oksijeni, kisha hutokea kwenye majani makuukuu. Mmea mzima unapuliziwa hewa, na hakuna pampu.

Katika Ziwa Naivasha ujanja wote huo haukufua dafu. Mwaka 1970 waliletwa ziwani kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Marekani ili wavuliwe kwa biashara, nao ni walafi wa mimea ya majini. Kufikia miaka ya 1980, mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa yametanda kandokando ya ziwa yalikuwa yametoweka, na kamba hao ni miongoni mwa washukiwa wakuu.

Ukitaka kukiona kisahani kimejaa, fika bwawani kwenye saa nne asubuhi. Ukichelewa hadi jioni utakuta ua limejifunga. Tafuta ua ambalo stameni zake bado zimesimama. Za ua la jana zimekwisha kulala.