Mwarobaini: Dawa Chungu Isiyo na Kipimo

Hapa kwetu Jego mwarobaini haukosi uani. Tunapumzika kivulini mwake, tunapiga mswaki kwa kijiti chake, na akina mama hutia majani yake makavu ndani ya gunia la kunde ili wadudu wasiingie. Wengine huuita mkilifi. Jina la mwarobaini lilitokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Nilimwomba nyanya anitajie yote. Alifika kumi na moja, kisha akanituma maji.

Mti huu ulitoka Bara Hindi. Ndani yake mna kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo huwakosesha wadudu hamu ya kula na kuwazuia wasikue. Kwa upele, majani huchemshwa, maji yakapoa mtu akaogea. Hapo sina ubishi, hata mimi nimeogeshwa sana.

Shida ni kunywa. Mwaka jana wakati wa masika mdogo wangu wa miaka mitano alishikwa na homa. Nyanya akamchemshia majani, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Siku ya kwanza homa ilishuka, tukafurahi. Siku ya tatu mtoto hakulijua hata jina langu. Usiku huo baba aliomba pikipiki ya jirani wakakimbia Msambweni. Kutobolewa kidole, kumbe ni malaria, na imeshapanda kichwani! Alilazwa siku sita, akapona.

Ni kweli wanasayansi wamepata katika mwarobaini kitu kiitwacho gedunini, ambacho huzuia vijidudu vya malaria kwenye chupa za maabara. Lakini damu ya mtu sio chupa. Kikombe cha nyanya kilikuwa na gedunini kiasi gani? Majani yalikuwa machanga au makuukuu? Yalichemka dakika kumi au saa nzima? Hakuna ajuaye. Artemeta nayo asili yake ni mmea, Artemisia annua wa Uchina, ambao kwa utafiti wake Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba imepimwa. Vidonge vya artemeta na lumefantrini, vinavyotolewa katika hospitali za Kenya tangu 2006, humezwa mara sita kwa siku tatu, kwa kadiri ya uzito wa mgonjwa.

Mafuta ya mbegu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Huko Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walitapika, wakasinzia na kupata degedege. Wajawazito nao wajiepushe, maana kwa wanyama wa maabara yaliharibu mimba.

Nyanya hakuomba msamaha, wala hatukumdai. Mvua za mwaka huu, mdogo wangu alipochemka tena, nyanya mwenyewe ndiye aliyetangulia kujifunga leso. "Twende akatobolewe kwanza," akasema. Sufuria ya majani aliiacha jikoni, ya kuogea.