Winga anayekimbia kamera na kidonge cha miezi saba

FILIMBI ya mwisho ilikuwa imeshalia, mashabiki wanaimba jukwaani, na mpiga picha wa televisheni ameshasimama tayari mbele ya bango la wadhamini. Tulikuwa tunamsubiri winga aliyefunga bao pekee la mechi. Tukasubiri. Mwisho akatokea meneja wa timu akiwa na beki wa kati, akasema winga tumbo linamsumbua, tumhoji huyu.

Tumbo! Dakika 10 baadaye nilimkuta huyo mgonjwa wa tumbo nyuma ya basi anakula ndizi, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Aliponiona akageuza shavu la kushoto upande wa gizani. Hapo nikamwelewa kabla hajasema neno, kwa sababu hiyo staili ya kugeuza shavu naijua. Nimeitumia miaka yote ya chuo na mwaka wangu wa kwanza kazini.

Ana chunusi. Sizungumzii vipele viwili vitatu vya kubalehe. Ni zile kubwa za ndani, zinazouma hata jezi ikigusa, zinazotoa usaha, na zikiondoka zinaacha shimo au doa jeusi linalokaa miezi. Ana miaka 24, umri ambao kila mtu alimwahidi zitakuwa zimeisha zenyewe. Jina lake siandiki, timu yake siandiki, na mechi yenyewe siitaji kwa sababu mkiijua mechi mtamjua mfungaji.

"Braza, wakinivuta karibu na kamera, picha inasambaa usiku huohuo," aliniambia. "Mtu anaacha kuongelea bao anaongelea uso."

Ameshapewa majina na mashabiki wa timu pinzani na, samahani kusema, wa timu yake pia. Tusifichane, baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mnaoyaandika hayo chini ya picha.

Wiki moja baada ya ile mechi alinipigia. Alikuwa ametoka kwa daktari bingwa wa ngozi na mkononi alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Imeandikwa dawa moja tu: isotretinoini. Hakuwa ameinunua. Alitaka kujua kama mimi niliitumia, na kama inaweza kumharibia mpira.

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo, niliitumia. La pili ndilo limenifanya niandike makala haya, kwa sababu nilipoanza kuuliza nikagundua chumba cha kubadilishia nguo kimejaa watu wenye swali hilohilo na hawana pa kulipeleka.

Dawa hii siyo ngeni duniani. Marekani iliidhinishwa mwaka 1982, na watu wengi wanaijua kwa jina la Roaccutane. Ni ya ukoo wa vitamini A. Kazi yake ni kusinyaza tezi za mafuta kwenye ngozi. Mafuta yakipungua, vitundu vya ngozi haviziba, bakteria wanakosa maisha, uvimbe unashuka. Krimu na antibaiotiki hutuliza chunusi. Hii, kwa watu wengi, inazimaliza au inazifanya zikirudi ziwe nyepesi. Ndiyo maana madaktari huifikia pale dawa nyingine zimeshagonga mwamba, au makovu yameanza kuchimba uso.

Na winga wetu dawa nyingine alishazipitia. Kabla ya kufika kwa daktari alipita dukani, akauziwa krimu ya "kung'arisha". Wiki mbili uso ukawa laini kama wa mtoto. Alipoacha, chunusi zikarudi na ndugu zake. Krimu nyingi za namna hiyo zina steroidi ndani, na steroidi ikipakwa usoni kwa muda ina kawaida ya kuzalisha chunusi zake yenyewe. Mastaa wangapi wa ligi hii wameingia mtego huo, mnawaona wenyewe kwenye picha za usajili.

HESABU YA MSIMU

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo mwanasoka anatofautiana na mimi ninayekaa jukwaani na kompyuta.

Kipimo cha dawa hii kinakwenda na uzito wa mwili. Madaktari wengi hulenga mgonjwa afikishe jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kila kilo mpaka anamaliza. Winga ana kilo 70. Ukichukua 120 mara 70 unapata miligramu 8,400. Akimeza miligramu 40 kwa siku, hizo ni siku 210. Miezi saba!

Ligi yetu kwa kawaida inaanza Agosti inaisha Mei au Juni. Mapumziko ni wiki chache tu, kisha timu inaingia kambini kwa maandalizi. Kwa hiyo ule ushauri wa "subiri msimu uishe ndiyo uanze", ambao na mimi niliutoa haraka haraka kwenye simu, haufanyi kazi. Hakuna mapumziko ya miezi saba isipokuwa umevunjika mguu. Akianza leo au akianza Juni, atacheza mechi za ushindani akiwa na dawa mwilini. Daktari anaweza kumpunguzia kipimo ili madhara yawe mepesi, lakini ukipunguza kwa siku unaongeza siku. Akimeza miligramu 20, hesabu ileile inafika siku 420.

Na mkataba wake unaisha mwisho wa msimu huu. Hilo ndilo linalomnyima usingizi kuliko chunusi zenyewe. "Nikisema naumwa mgongo kwa sababu ya dawa ya uso, nani ataniongezea mkataba?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Maana mgongo unaweza kuuma kweli. Maumivu ya misuli na viungo ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida ya watumiaji, na wanaofanya mazoezi makali wako hatarini zaidi. Kuna kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyochoka, na klabu zenye uwezo hukipima kwenye damu kujua nani apumzishwe. Dawa hii inaweza kukipandisha. Sasa fikiria mtaalamu wa viungo anasoma kipimo, anaona misuli imelemewa, hajui kama mchezaji anameza kidonge. Ataanza kumlaumu kocha wa mazoezi ya nguvu bure.

Mimi nilipokuwa natumia nilikuwa nacheza bonanza la Jumapili. Jumatatu nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kama mzee aliyetoka kulima. Lakini mimi hata nisiposhuka, gazeti linatoka.

Midomo inakauka, hilo karibu kila mtu linampata, tembea na mafuta ya kupaka mfukoni. Pua nayo inakauka ndani na inaweza kutoa damu ghafla. Kwa mtu wa kawaida ni usumbufu tu. Kwa mchezaji, sheria inasema anayevuja damu atoke nje ya uwanja mpaka ikome na mwamuzi amruhusu kurudi. Unaweza kujikuta mko 10 dakika ya 88, mnalinda bao, kwa sababu ya pua.

Macho yanakauka, wanaovaa lenzi watajuta. Wachache huona vibaya gizani, na hali hiyo inaweza kuanza ghafla. Mechi za usiku chini ya taa, mpira wa juu unakuja kutoka kwenye kona yenye kiza, kipa ndiye ningemwambia alifikirie hili mara mbili. Ngozi inakuwa laini na kuchubuka kirahisi, kwa hiyo tackling kwenye nyasi bandia inaacha kidonda kikubwa kuliko ulivyozoea. Jua nalo linaunguza zaidi. Mazoezi ya saa nne asubuhi pale Dar unayajua.

Halafu kuna kichwa. Mamlaka za dawa zinaonya kuhusu huzuni nzito na mabadiliko ya tabia. Watafiti bado wanabishana ni dawa au ni mzigo wa chunusi zenyewe, lakini tahadhari inachukuliwa kwa uzito kiasi kwamba Uingereza mwaka 2023 iliweka sharti la wataalamu wawili kukubaliana kabla mtu wa chini ya miaka 18 hajaanzishiwa. Wenye akademi na timu za vijana walisikie hilo. Winga anaishi kambini. Nilimwambia mweleze unayelala naye chumbani, yeye ndiye ataona ukibadilika kabla yako wewe.

UKIPIMWA JE?

Hofu yake kubwa ya pili ilikuwa kipimo cha dawa zilizokatazwa michezoni. Hapa nilimpa habari njema: isotretinoini haimo kwenye orodha ya WADA. Unaimeza, unacheza, unapimwa, hakuna tatizo.

Tatizo liko kwa jirani zake. Wanawake wenye chunusi za ukubwani mara nyingi huandikiwa spironolaktoni, dawa ya kundi la zile zinazoongeza mkojo. Kundi hilo limepigwa marufuku muda wote, ndani na nje ya mashindano, kwa kuwa linaweza kutumika kuficha dawa nyingine. Dada anayecheza Ligi Kuu ya Wanawake akipewa hiyo hospitalini na daktari asiyejua kazi yake, anahitaji kibali maalumu cha tiba kabla hajaanza, la sivyo anatafuta kifungo.

Mnamkumbuka Andre Onana akiwa Ajax? Mwaka 2021 UEFA ilimfungia miezi 12 kwa furosemidi, dawa ya kundi hilohilo, akasema alimeza ya mkewe kwa bahati mbaya. Adhabu ikapunguzwa hadi miezi tisa. Mwaka 2011 Kolo Toure wa Manchester City alifungiwa miezi sita, naye kwa vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Jamani, kabati la dawa la mama watoto liacheni.

Na sindano. Chunusi kubwa au kovu lililovimba, wengine hudungwa steroidi palepale ili lishuke. Kupaka steroidi kwenye ngozi kunaruhusiwa, lakini tangu Januari 2022 steroidi za kundi hilo kwa njia ya sindano haziruhusiwi wakati wa mashindano, na ile ya kwenye kovu imo. Wachezaji wangapi wanalijua hili? Niliouliza mazoezini, hakuna hata mmoja.

Kwa wanawake, isotretinoini yenyewe ina jambo zito kuliko yote niliyoandika hapo juu. Inaharibu mtoto tumboni, na inaharibu vibaya. Mwenye uwezo wa kushika mimba anapimwa kabla ya kuanza, anatumia kinga ya uhakika muda wote wa dawa na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Haigawanwi. Ukimwonea huruma dada yako mwenye chunusi ukampa vidonge vyako vilivyobaki, unaweza kumwachia kilio cha maisha. Hata damu huruhusiwi kuchangia mpaka mwezi upite.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mara ya kwanza niliingia duka moja la dawa na jina la dawa nimeliandika kwenye simu. Muuzaji alikuwa tayari kunipa bila cheti, bila swali. Angeniuliza angejua nilikuwa bado nameza doksisaiklini, antibaiotiki niliyopewa kwa chunusi hizohizo. Dawa hizo mbili haziendi pamoja, zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa. Pesa haikutosha siku ile, ndiyo pona yangu. Daktari ndiye aliyenisimamisha ya kwanza, akanipima ini na mafuta kwenye damu, ndipo akaniandikia.

Nilimaliza miezi sita. Wiki za mwanzo uso ulichafuka kuliko mwanzo, nikataka kuacha. Mwezi wa tatu nikaanza kusahau kujiangalia kwenye vioo vya magari. Makovu yapo, hayo dawa haiyafuti.

Kwa hiyo winga aanze? Mimi nilimwambia aanze, ila asifanye kwa siri. Kila mwezi anaosubiri ni makovu mengine, na kovu halina msimu. Lakini daktari wa timu ajue kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe, na aanze siku ya kwanza ya mapumziko ili zile wiki mbaya za mwanzo zimkute nyumbani, mguu ukiuma ajue mapema kabla ya kambi. Kama maumivu yakizidi, kipimo kipunguzwe, hata ikichukua mwaka.

Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Akasema daktari wa timu ni rafiki wa kocha. Nikamwambia najua. Akakata.

Zikapita siku tisa. Jumatano iliyopita akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia wenzake wanapiga danadana na kucheka. Amemwambia daktari wa timu. Daktari hakushangaa, kumbe naye aliwahi kuitumia akiwa mwanafunzi. Damu imetolewa, majibu ya ini yako safi, ila mafuta yamesoma juu.

Nikampigia. Nikamuuliza asubuhi ile kabla ya kutolewa damu alikula nini.

"Chipsi mayai, braza. Kwani sikutakiwa?"

Anarudia Jumatatu, tumbo tupu.