Majina na Chakula Vyaeleza Safari za Wakamba

Mahali paitwapo Syokimau, katika Machakos, pana jina la mwanamke wa Kikamba wa karne ya 19, mwenye kuagua mambo yajayo. Yasemekana alitabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayepita nchini toka bahari hata bahari. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nayo ikafika Nairobi mwaka 1899. Leo magarimoshi husimama papo hapo Syokimau, na jamaa nyingi zimehamia huko kutoka vijijini.

Lakini kuhama si jambo geni. Wazee husimulia kwamba Wakamba walitoka pande za Kilimanjaro, wakapita vilima vya Chyulu, wakakaa Mbooni, ndipo wakaenea hata Kitui.

Safari hizo zimeachwa katika majina. Muthama ni mtoto aliyezaliwa wakati wa kuhama. Mwanzia alizaliwa njiani. Wambua, wakati wa mvua. Tena, kwa desturi, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo Muthama wa leo huenda hakuhama kamwe: aliyehama ni mzee wake wa zamani, ambaye jina lake lingali likiitwa.

Chakula nacho kina habari yake. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni hata maganda yakatoka, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Mtama na mawele ni nafaka za Afrika tangu kale, bali mahindi asili yake ni Amerika, na mbaazi ni Bara Hindi. Basi hata chungu cha nyanya kimepokea wageni wengi.

Mambo haya si ya kujifurahisha tu. Kwa mila ya Wakamba, watu wa mbai moja, yaani ukoo mmoja, hawaoani. Jina la pili analoandikwa mtu siku hizi mara nyingi ni la baba au la babu, wala halionyeshi mbai. Vijana wawili wenye majina mbalimbali waweza kukutana mjini, wakapendana, na kumbe ni wa ukoo mmoja. Nao hupata habari siku wazee wanapokaa kuzungumza mahari.

Kwa hiyo, msomaji, uwapo na mzee wako muulize mambo matatu: mbai yetu ni ipi, jina langu lilikuwa la nani, naye alitoka wapi? Yaandike majibu katika daftari, uwasomee watoto wako.