Nunua Mbegu, Usinunue Picha

Tangu mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, magunia ya udongo yenye sukuma wiki yalienea Kibera. Wewe mwenye magunia hayo, au kijishamba huko Kawangware, huenda umeona dukani pakiti mbili za makampuni mawili, bei mbali mbali, ukashindwa kuchagua.

Soma jina la aina. Nyanya za Money Maker, kwa mfano, ni mbegu ya zamani iliyotoka Uingereza. Makampuni kadhaa huiuza hapa Kenya, kila moja kwa pakiti yake. Kampuni huweza kununua mbegu kwa mwingine, hata kwa mshindani wake, ikazifunga na kutia nembo yake. Huo si wizi, maadamu mbegu zimekaguliwa na aina imetajwa kwa kweli. Basi ukizidisha fedha kwa ajili ya picha ya nyanya nono, umelipia karatasi. Afadhali utazame tarehe, kwa kuwa mbegu iliyochakaa haioti vizuri.

Mwizi ni yule atiaye nafaka ya kula katika pakiti ya kampuni yenye sifa. Hasara yake utaiona baada ya majuma mawili, mvua ikiwa imekwisha kupita! Pakiti ikiwa na kibandiko cha KEPHIS, kikwaruze, kisha tuma namba yake kwa simu kwenda 1393, bila malipo. Fanya hivyo kabla ya kulipa. Mwenye duka akinuna, nenda kwingine.

Tunza risiti na pakiti tupu mpaka uvune, maana namba ya fungu la mbegu imeandikwa hapo, nayo ndiyo itakayoonyesha zilikotoka.