Likoni au Dongo Kundu?

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Desemba, swali ninaloulizwa sana hapa Korogwe ni moja: ukienda Mombasa na gari lako mwenyewe, uvuke na pantoni ya Likoni au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu? Wananiuliza mimi kwa sababu dada yangu ameolewa Kisauni, hukohuko Mombasa, na Noah yetu dereva wake ni mimi.

Mimi nami humuuliza anayeniuliza: unalala wapi, na utafika saa ngapi? Kama una miadi isiyosubiri, iwe ya hospitali, ndege au treni, sina haja ya kusikia zaidi. Zunguka.

Safari yenyewe haina fumbo. Ndugu zangu wa Handeni hufika kwangu jioni kwa lami ya kilomita 65, tukalala, na alfajiri tunaondoka. Segera tunakata kushoto, tunapita Hale na Muheza, tunaingia Tanga kunywa chai, kisha Horohoro. Mpakani maafisa wa nchi zote mbili wako pamoja, kwa hiyo kinachokuchelewesha ni makaratasi yako mwenyewe. Beba pasi au hati ya dharura ya kusafiria kwa kila mtu, watoto wakiwemo, leseni, kadi halisi ya gari, na ile bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima ya nyumbani peke yake haikuvushi. Gari likiwa la shemeji au la mwajiri, chukua barua yake. Nimeona familia zimekaa kwenye kivuli pale Horohoro, watoto wanalia, zinasubiri barua itumwe kutoka nyumbani. Inaniuma, kwa sababu ni jambo la kumaliza kabla hata hujawasha gari.

Ukishatoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, barabara inakupeleka Msambweni hadi Ukunda. Kama unakwenda Diani kuogelea, umefika. Huhitaji pantoni wala daraja, na wengi wanaoniuliza kumbe safari yao inaishia hapo.

Ukiendelea mbele ndipo unachagua.

Mkondo wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita, na pantoni ikishaondoka, dakika chache tu uko kisiwani Mombasa. Kinachokula muda ni foleni. Waendao kwa miguu hawalipi, nao ni maelfu kwa maelfu kila siku. Mkondo huohuo ndio mlango wa bandari ya Kilindini, hivyo meli kubwa ikipita, pantoni inasubiri. Asubuhi watu wa Likoni wanavuka kwenda kazini, jioni wanarudi. Anayetoka Korogwe alfajiri ana nafuu: anafika mchana, katikati ya misongamano hiyo miwili. Saa hiyo, kama unalala kisiwani au unataka kuwaonyesha watoto Ngome ya Yesu, pantoni inakushusha karibu kabisa.

Lakini usalama lazima niuseme. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye pantoni MV Harambee likazama, na ndani yake mama na binti yake. Ilichukua karibu wiki mbili kulitoa majini. Tangu hapo nina utaratibu wangu na siuvunji: nikishapanga gari naweka gia kwenye P, navuta breki ya mkono, nazima injini, nashusha vioo vyote vinne na kuwafungua watu wote mikanda. Mama mkwe alilalamika upepo unamuumiza masikio. Nikamwambia, “Mama, jifunike mtandio, vioo vitabaki chini.”

Dongo Kundu ni habari ya juzi. Hadi miaka michache iliyopita, asiyetaka pantoni alikuwa hana njia fupi. Barabara hii, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilifunguliwa kwa magari mwaka 2024. Unaiingia Kibundani kabla ya kufika Likoni, unapita juu ya maji na mikoko kwa daraja la Mteza lenye urefu wa mita 1,440, unatokea Miritini, ambako ndiko kilipo kituo cha treni ya Nairobi. Uwanja wa ndege wa Moi nao uko upande huo. Kilomita zinaongezeka na mafuta yanaongezeka, lakini unaweza kumwambia anayekusubiri utafika saa ngapi. Ukiwa na mgonjwa ndani ya gari, hilo lina thamani zaidi kuliko lita za petroli.

Wenzetu walioko Ulaya wana mtihani huohuo. Binamu yangu anayeishi Uingereza, akitaka kwenda Ufaransa na gari, ama anapanda meli Dover, saa moja na nusu hivi hadi Calais, ama anaingiza gari ndani ya treni Folkestone na kupita chini ya bahari kwa dakika 35. Akiwa na watoto anapanda meli, wapate kukimbia na kula. Bahari ikichafuka anachagua treni. Njia hiyo ya chini ilizinduliwa tarehe 6 Mei 1994. Wiki moja tu kabla, tarehe 29 Aprili, pantoni ya Mtongwe ilikuwa imepinduka hapohapo Kilindini na kuua watu 272. Mombasa ilisubiri miaka 30 kupata njia ya magari isiyotegemea pantoni wakati hatari ilikuwa imeshajulikana, na naona ni kusubiri kurefu mno.

Kurudi nyumbani nako kuna hesabu yake. Ndugu hawakuachi uondoke asubuhi. Chai inageuka chakula cha mchana, unawasha gari saa kumi, na kisiwa kizima kinaelekea Likoni. Saa hiyo pantoni siigusi. Kutoka Kisauni navuka daraja la Nyali, napita Makupa na Changamwe nikivumilia malori ya bandarini, naingia Dongo Kundu. Mpaka siuvuki usiku nikiwa na watoto. Nalala Ukunda, najaza mafuta, na asubuhi naelekea Horohoro.